Upindo wa Meza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sifichi. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilimfokea seremala wa watu mlangoni kwangu mpaka majirani wakachungulia, aminini. Nilimfokea kweli, na kosa lilikuwa langu. Lakini kwanza niwaeleze habari ya chumvi, maana chumvi ndiyo iliyonitoa nyumbani kwenda kutafuta meza.

Mume wangu ni fundi wa vigae. Wenzake kazini walimpa jina la Pima Maji, kwa sababu haingii nyumba ya mtu bila kukagua kama sakafu imelala sawa. Miaka ishirini na mbili amefanya kazi kwa magoti. Sakafu ya sebule yetu ni kazi yake, na ukimwaga maji pale hayajui yaelekee wapi. Mwaka jana akateleza kwenye ngazi za jengo akiwa amebeba boksi la vigae, nyonga ikavunjika. Wakamtia vyuma, na daktari akatoa masharti: asipige magoti, asiiname, asikae kiti cha chini. Magoti yakipanda juu ya kiuno, alisema, tutarudi palepale tulipoanzia.

Meza yetu ya chakula ilikuwa ya kawaida, na viti vyake vya kawaida. Tulijaribu kumwekea mito. Akawa amekaa juu kutuzidi, sahani iko chini huko, na ili apate tonge ni lazima ainame. Siku ya pili aliinuka, akabeba sahani yake, akaenda kuiweka kwenye kaunta ya jikoni, kando ya sinki, akala amesimama. "Hapa pananitosha," alisema. Akaendelea kula hapo miezi saba, mgongo kwetu, uso ukutani.

Kikopo cha chumvi nacho kikahamia kule, kwa kuwa mla chumvi wa nyumba hii ni yeye. Anatia kabla hata ya kuonja, jambo ambalo limenikera tangu tuoane. Mmoja wetu mezani akitaka chumvi, binti yetu anainuka, anaichukua pembeni ya sahani ya baba yake, kisha anairudisha. "Samahani, baba." "Chukua." Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya kutwa. Na huyu ni mtoto ambaye zamani alikuwa akimsimulia baba yake kila kitu cha shuleni, mpaka mwalimu gani kavaa nini.

Siku moja nikamwona binti anakula, anakunja uso, anakula. Nikaonja cha kwangu. Nilikuwa nimesahau kabisa kutia chumvi.

"Mbona huendi kuchukua chumvi?" nikamwuliza.

"Sitaki kumsumbua baba," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Niliwatazama, mmoja mezani na mwingine kwenye kaunta, hatua sita kati yao, nikaona kabisa kwamba nikiendelea kunyamaza watazoea. Mtoto atakua, ataondoka, na kumbukumbu yake ya baba yake itakuwa mgongo. Hilo ndilo lililoniuma. Mengine yote, kazi kusimama, fimbo, vidonge, nilikuwa nimeyamudu.

Nami ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, lakini mapazia pia nashona, na ni kwenye nyumba ya mteja wa mapazia nilikoiona meza ya kimo cha kaunta kwa mara ya kwanza. Meza ya chakula kamili, ila imeinuka. Mtu anaweza kula amesimama, au akaegemea stuli ndefu huku miguu karibu imenyooka, na wote waliopo macho yao yako usawa mmoja. Nilisahau mapazia. Nilijisemea: kama yeye hawezi kushuka, basi sisi tutapanda.

Nilipomweleza, alinitazama kana kwamba nimemletea kitanda cha hospitali.

"Msinigeuzie nyumba kuwa wodi," akasema. "Mimi niko sawa hapa."

"Wewe uko sawa. Sisi je?"

Akanigeuzia mgongo. Ana kichwa kigumu kama vigae vyake. Mimi nami sina dogo, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilifunga cherehani, nikamchukua mama yake, tukaenda dukani.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, na ni mfupi. Nikisema mfupi nina ushahidi: nimewahi kumjaribishia sare ya darasa la tano, ikamkaa vizuri tu. Njia nzima alikuwa ananiuliza swali lilelile. "Mwanangu, hiyo meza yako ya ghorofani, mimi nitaifikiaje?"

"Tutaona hukohuko, mama."

"Mtaona nyinyi. Mimi nitakuwa chini."

Duka lilikuwa kubwa, na muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na maneno mengi. Kila meza kwake ilikuwa "ya kisasa". Ya kwanza aliyotuonyesha ilinifika kifuani. Nikatoa tepu yangu shingoni, maana mimi hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na mkufu, nikapima. Mita moja na kumi.

"Hii ni ya kusimama na glasi mkononi," nikamwambia. "Mimi nataka ya kulia chakula."

"Dada, watu wanaitumia kulia chakula pia."

"Watu gani? Twiga?"

Ya pili ilikuwa ya kioo. Kimo kilikaribia, lakini nikamfikiria mtu anayeshika meza ili ajiinue, na fimbo inayogonga kila pahali, nikaacha. Ya tatu ilikuwa ya mbao, nzuri ya kuvutia, nikaanza kulegea. Nikapanda stuli, nikaisogelea, na papo hapo mapaja yakagota kwenye ubao mpana uliopita chini ya meza. Pima Maji ana miguu mirefu. Pale angekaa upande upande kama abiria aliyekosa nafasi. Nikamwuliza muuzaji kama ubao ule unaweza kupunguzwa. Akasema ndio urembo wenyewe.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekwea stuli moja ya kuzunguka, kwa msaada wa mfanyakazi wa duka. Alipotaka kushika meza, stuli ikazunguka naye, ikamgeuza taratibu mpaka akatazama ukutani.

"Niteremsheni," akasema. "Ukuta nimeshauona."

Tulicheka mpaka muuzaji naye akaacha habari za kisasa. Lakini nilipokuwa namteremsha yule mama nilihisi mikono yake inanishika kwa nguvu, na nikajua utani wake wa njiani haukuwa utani mtupu. Nikimpandisha mwanawe mezani halafu nikamwacha yeye chini, nitakuwa nimehamisha kilio tu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Tulirudi mikono mitupu, lakini nilikuwa nimejua ninachotaka. Mbao, siyo kioo. Chini pawe wazi, magoti yapite. Stuli ziwe na migongo na zisizunguke. Na kimo kiwe cha mume wangu hasa, siyo cha twiga wa dukani. Kimo hicho kilikuwa tayari nyumbani, kwenye kaunta ya jikoni. Miezi saba mwili wake ulikuwa umekula pale bila kulalamika. Alipoingia kuoga, nikanyemelea na tepu yangu kama mwizi, nikapima kutoka sakafuni mpaka juu. Tisini na mbili. Nikaiandika kwenye karatasi, pamoja na urefu na upana, na Jumatatu nikampelekea seremala wa barabara ya nyuma.

Seremala ni mtu mpole, mwenye penseli sikioni. Aliisoma karatasi, akauliza aina ya mbao, akauliza stuli ngapi.

"Stuli niachie mimi," akasema. "Za meza za kaunta nimeshatengeneza nyingi, kimo chake nakijua. Meza nitafuata karatasi yako."

"Ifuate kama ilivyo," nikamwambia, kwa kiburi cha fundi anayemwagiza fundi mwenzake. "Usiongeze, usipunguze."

Na kweli hakuongeza, hakupunguza. Tena alikuja siku aliyosema, jambo ambalo sisi wa cherehani hatuna sifa nalo, najua mnavyotusema. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Aliingiza meza na mwenzake, wakaisimamisha katikati ya sebule, wakapanga stuli nne. Mbao ilikuwa laini, imepigwa msasa mpaka inang'aa. Mume wangu alikuwa jikoni na hakugeuka. Nilisikia ameacha kukoroga chai yake, basi.

Nikakaa kwenye stuli. Mabega yakanipanda mpaka masikioni. Nikadhani nimekaa vibaya, nikajivuta, ikawa vilevile. Binti akakaa, viwiko vikawa vinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mama mkwe tukampandisha wote wawili, na alipotulia, kidevu chake kilikuwa usawa wa meza.

"Nawaona," akasema. "Chakula mtanitupia."

Binti aliangua kicheko. Mimi damu ilinipanda. Miezi saba, na vita vyote vile na mume wangu, halafu mtu ananiharibia kwa uzembe. Nikamgeukia seremala, nikamwaga yote. Nikamwambia hana macho, nikamwambia namba ameisoma akiwa anasinzia, nikamwambia mimi nikishona suruali ya mtoto kwa vipimo vya baba yake nitaila mwenyewe. Majirani, kama nilivyosema, walichungulia.

Seremala alisubiri nipumue. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akanipa.

Mwandiko ulikuwa wangu. Nane yangu ina mkia, haifanani na ya mtu mwingine. Urefu, upana, na kimo: tisini na nane.

Nilitazama karatasi ile na kwa muda sikuelewa. Nilikuwa na uhakika nimesoma tisini na mbili. Halafu nikaelewa. Sare ya shule huikati kwa kipimo kamili. Mtoto anakua. Unapima, halafu unaongeza sentimita sita za upindo chini, ili mwakani mama yake afumue na kushusha. Nimefanya hivyo miaka yote hii, sifikirii tena, mkono unaongeza wenyewe. Nilikuwa nimepima kaunta tisini na mbili, na mkono wangu ukaitilia meza upindo.

Niliona haya. Niliona haya mbele ya seremala, mbele ya mama mkwe aliyekuwa bado ameshikilia ukingo wa meza, na zaidi ya wote mbele ya yule mtu wa jikoni, ambaye sasa alikuwa na haki kabisa ya kusema "niliwaambia". Seremala, kwa wema wake, akasema ataichukua akaipunguze, ila ana kazi nje ya mji, itabidi tusubiri wiki mbili. Nilitaka kulia. Nilijua wiki mbili kwa mtu kama mume wangu ni sawa na kusema basi, yameisha.

Ndipo nikasikia fimbo. Tak, tak, juu ya vigae. Pima Maji alitoka jikoni, akapita mbele yangu, akaichukua karatasi mkononi mwangu. Akaisoma. Akaitazama meza, akamtazama mama yake aliyeegemeza kidevu juu ya mbao, kisha akanitazama mimi.

"Umeitilia upindo," akasema.

Nikatazama chini, kwenye vigae vyake.

"Mke wangu, umeitilia meza upindo." Bega lake likaanza kutikisika, na nikadhani ni nyonga, nikataka kumshika. Alikuwa anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu ngazi zile. Akamgeukia seremala. "Fundi, suruali zangu zote ziko hivi. Miaka yote nimevaa suruali zenye upindo wa kumtosha mtu mwingine. Nikimwuliza, ananiambia huenda nikarefuka."

Seremala akacheka, binti akacheka, na mimi pia, machozi yakinitoka, sijui ya nini.

"Acha, usiipeleke," mume wangu akasema. "Upindo unapunguzwa. Msumeno unao?"

"Upo. Lakini ngoja nikusaidie mimi, wewe na huo mguu—"

"Nishikie tu."

Waliipindua meza, wakailaza kifudifudi juu ya blanketi, miguu yote minne ikasimama kuelekea dari. Na hapo nikaona kitu ambacho nisingekipanga hata kwa mwaka mzima. Ncha za miguu zilimfika mume wangu kiunoni hasa. Fundi huyu ambaye kazi yote ya maisha yake ilikuwa chini, ambaye tangu aanguke kila kazi ilikuwa inamwita apige magoti, alikuwa amesimama wima na kazi iko mbele ya mikono yake. Hakuinama hata kidole kimoja.

"Mwanangu," akamwita binti. "Lete sanduku langu. Liko uvunguni."

Binti alikimbia. Sanduku lilikuwa na vumbi la miezi saba. Akalifuta kwa sketi yake, nami mara hiyo moja sikusema kitu kuhusu sketi. Baba yake akatoa penseli, futi ya chuma, na ile pima maji yenyewe, yenye kipovu ndani ya kioo. Akapima mguu wa kwanza, akapiga mstari kuuzunguka. Wa pili, wa tatu, wa nne. Binti alishika mguu mmoja, mimi mwingine, seremala ubao. Mama mkwe alipewa kazi ya kusema kama msumeno unakwenda upande, na aliifanya kwa moyo wote, hata pale ulipokuwa hauendi upande.

"Baba, mbona unapima tena? Umeshapima," binti akasema.

"Mguu mmoja ukizidi kwa unyuzi, meza inacheza maisha yake yote. Watu watasema sakafu mbovu."

"Nani atasema? Wanajua ni wewe uliyeiweka."

"Ndiyo maana napima tena."

Waliendelea hivyo, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, na nilipogutuka walikuwa wamefika shuleni, kwa mwalimu mpya wa hesabu ambaye hunyoosha shati kila anapokosea. Nilishika mguu wangu wa meza nikanyamaza. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni kazi.

Walipoigeuza, akaiwekea pima maji juu, huku na kule. Kile kipovu kikasimama katikati. Seremala alitikisa meza kwa mkono, haikucheza. Akamgeukia mume wangu.

"Kuna jengo natengeneza makabati ya jikoni," akasema. "Wanatafuta mtu wa kuwawekea vigae ukutani, juu ya kaunta. Kazi yote ya kusimama. Niliyeletewa ameniwekea mistari kama nyoka."

Mume wangu hakusema ndiyo. Alisema, "Nitakuja niione hiyo mistari." Mimi namjua, hiyo ni ndiyo.

Seremala alipoondoka, nikaokota vile vipande vinne vilivyokatwa nivitupe. Mume wangu akanizuia. Akachukua ubao wa rafu ya zamani, akauweka juu ya meza mpya, akapigilia vipande vile chini yake, kimoja kila pembe. Kikawa kibao kifupi, imara. Akampa binti akiweke chini ya stuli ya mwisho ili kiiinue, na mbele ibaki nafasi ya kukanyaga.

"Mama, panda," akamwambia mama yake.

Mama mkwe alikanyaga kibao, akashika mgongo wa stuli, akapanda mwenyewe bila mkono wa mtu. Akakaa. Viwiko vyake vikatua juu ya meza. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyefika mkutanoni akakuta nafasi yake ipo.

"Sasa upindo wako umenifaa mimi," akaniambia.

Nikapakua chakula. Nikaweka sahani nne, ya mume wangu upande wa stuli iliyo karibu na binti, nikajifanya hamnazo. Akaitazama sahani, kisha akachukua fimbo, akageuka, akaelekea jikoni. Tak, tak. Nikabaki na mwiko mkononi. Binti aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea kijiko. Nilisikia anasimama pale kwenye kaunta, mahali pake pa miezi saba.

Kisha tak, tak, inarudi. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kikopo cha chumvi. Akakiweka katikati ya meza, akaegemea stuli yake, akaivuta sahani.

"Hiki kikae hapa sasa," akasema. Akatia chumvi kabla ya kuonja, akamsogezea binti.